Mjumbe na Waliomtuma: Ujumbe wa Ayalandi London, 1921

Usiku wa tarehe 3 Desemba 1921, wajumbe waliotumwa na baraza moja, wenye hati za namna moja mikononi, waliondoka Dublin kurudi London kwa meli mbili tofauti. Arthur Griffith, Michael Collins na Eamonn Duggan walipanda yao. Robert Barton, George Gavan Duffy na Erskine Childers, katibu wa ujumbe, wakapanda nyingine. Hakuna aliyewaamuru watengane. Walikuwa wametoka kwenye kikao cha mawaziri kilichokula karibu siku nzima, na kila mtu akaondoka na wale aliowaamini.

Siku tatu baadaye mkataba na Uingereza ulikuwa umetiwa saini. Mwaka uliofuata Waayalandi walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya ujanja wa David Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza. Wengine hukiita usaliti, wengine ushujaa, kutegemea msimulizi alirithi upande gani. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Sijaona kisa kinachoonyesha waziwazi namna hii jambo ambalo wanaotuma wajumbe hawalitazami: jinsi mjumbe anavyosimama mbele ya upande wa pili hutegemea sana jinsi anavyosimama machoni pa watu wake. Anayejua kwamba nyumbani hakuna wa kumtilia shaka anaweza kuinama. Anayejua kwamba wapo wanaomhesabu kuwa mtu wa kuja atasimama wima, hata pale ambapo kuinama kidogo kungewafaa wote.

Waliotumwa

Hali ilikuwa hivi. Wabunge wa Sinn Féin, chama cha wazalendo wa Ayalandi, waliochaguliwa mwaka 1918 walikataa kwenda Westminster, bunge la Uingereza, wakaunda bunge lao Dublin Januari 1919, Dáil Éireann, wakatangaza jamhuri. Vita na Uingereza vikafuata. Tarehe 11 Julai 1921 mapigano yakasimamishwa. Baada ya barua nyingi kwenda na kurudi, pande mbili zikaafikiana kukutana ili kutafuta namna ya kupatanisha mambo mawili: uhusiano wa Ayalandi na jumuiya ya mataifa iitwayo Dola ya Uingereza, na matarajio ya taifa la Waayalandi. Yeyote aliyekubali mwaliko kwa maneno hayo alikuwa ameshakubali, bila kutamka, kwamba jamhuri iliyojitenga kabisa ingekuwa vigumu kuipata.

Éamon de Valera, rais, hakwenda. Baraza lake la watu saba liligawanyika tatu kwa tatu juu ya suala hilo, na kura yake mwenyewe ndiyo iliyomwacha Dublin. Akatuma watu watano na katibu, na hapa inafaa twende polepole, maana jibu la kisa kizima limo katika orodha ya majina.

Griffith ndiye aliyeasisi Sinn Féin mwaka 1905. Collins alikuwa waziri wa fedha na kichwa cha upelelezi wa vita, na zaidi ya hayo aliongoza baraza kuu la Irish Republican Brotherhood, kile chama cha siri ambacho wapiganaji wengi walikula kiapo chake. Duggan, mwanasheria, alikuwa mtu wa karibu wa Collins. Hawa watatu wangeweza kusema lolote kuhusu Ayalandi na asitokee wa kuwauliza ninyi ni kina nani.

Barton alitoka upande mwingine kabisa wa maisha. Alikuwa mwana wa familia ya Kiprotestanti yenye ardhi kubwa huko Wicklow, akasoma shule ya Rugby na Chuo Kikuu cha Oxford, akawa ofisa wa jeshi la Uingereza, na akapangiwa kazi Dublin wakati wa maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Aliyoyaona huko yalimgeuza. Akaacha jeshi, akaingia Sinn Féin, akafungwa, akatoroka gereza la Mountjoy, akakamatwa tena. Alipokaa kwenye meza ya Downing Street, ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke kifungoni. Gavan Duffy alizaliwa na kufanya kazi ya uwakili Uingereza. Mwaka 1916 alikubali kumtetea Roger Casement, aliyeshtakiwa uhaini, na kwa ajili hiyo akapoteza nafasi yake katika ofisi ya mawakili aliyokuwamo. Childers, binamu yake Barton, alizaliwa London, akawa karani katika Bunge la Uingereza, akapigana upande wa Uingereza katika vita vya Makaburu. Mwaka 1914 aliingiza bunduki za wazalendo katika bandari ya Howth kwa mashua yake mwenyewe, kisha Vita Kuu ilipoanza akarudi tena katika utumishi wa majeshi ya Uingereza. Ujamhuri wake ulikamilika baada ya hapo.

Kila mmoja wa hawa watatu wa mwisho alikuwa amelipa kiingilio, na kiingilio kikubwa. Lakini aliyelipa kiingilio hasahau kwamba wapo waliozaliwa ndani.

Sasa tazama mstari ulikopita miezi miwili baadaye, walipogawanyika kuhusu kukubali au kukataa. Upande mmoja Griffith, Collins, Duggan. Upande wa pili Barton, Gavan Duffy, Childers. Waliozaliwa ndani ya nyumba ndio waliokuwa tayari kulegeza. Walioingia kwa mlango ndio waliokaza.

Mtego uliotegwa kwa makusudi

Mtu anaweza kudhani mgawanyiko huo ulitokea tu. Haukutokea tu. Mwishoni mwa Desemba 1921 de Valera alimwandikia rafiki yake wa Marekani, Joseph McGarrity, akamweleza alivyowachagua. Hakuwa na shaka, aliandika, kwamba Griffith angeukubali ufalme akibanwa, na Collins naye alionekana kuelekea huko. Alitumaini hilo lingewafanya wawe chambo kizuri cha kumvuta Lloyd George. Barton angekuwa breki, mtu mkaidi wa kutosha kuzuia ujumbe usiachie mambo kwa pupa, na Childers kama katibu angempa binamu yake nguvu zaidi. Mawakili wawili, Duggan na Gavan Duffy, walikuwa wa kujazia tu. Naye mwenyewe, akiwa Dublin, angewashika wote wasivuke mstari.

Kwenye karatasi ni mpango wa mtu mwenye akili. Nausoma kwa masikitiko, kwa sababu unawahesabu watu kama vipande vya mashine: huyu chambo, huyu breki. Haukuhesabu kwamba chambo na breki wangelala chini ya paa moja, wangetazamana kila asubuhi, na kila mmoja angejua amewekwa pale kwa ajili gani.

Hata paa moja lenyewe halikuwapo. Huko London ujumbe ulikaa 22 Hans Place. Collins na watu wake wakakaa 15 Cadogan Gardens.

Hati nazo zilikuwa na nyuso mbili. Hati ya tarehe 7 Oktoba iliwapa wajumbe mamlaka ya kujadiliana na kuhitimisha mkataba. Maelekezo waliyopewa sambamba nayo yalisema kwamba kabla ya uamuzi wowote mkubwa Dublin ijulishwe na jibu lisubiriwe, na kwamba rasimu kamili ya mkataba unaokaribia kutiwa saini ipelekwe kwanza kwa baraza. Unaweza kufanya mkataba, usifanye mkataba. Wenye maelekezo ya namna hiyo kila mmoja husoma upande unaolingana na nafasi yake. Aliye na uhakika wa nafasi yake husoma neno "mamlaka". Mwenye wasiwasi husoma neno "jibu lisubiriwe". Na ndivyo ilivyokuwa: Griffith na Collins walijiona wajumbe wenye mamlaka kamili, Barton na Childers waliyashika maelekezo kama msahafu.

Vikao vidogo

Tarehe 24 Oktoba mtindo wa mazungumzo ulibadilika. Badala ya pande zote kukaa na watu wao wote, Griffith na Collins wakaanza kukutana na viongozi wachache wa Uingereza, bila wenzao na bila Childers kuandika. Kwa Waingereza faida ilikuwa dhahiri. Kwa Griffith na Collins pia ilikuwa nafuu: Childers aliandika kila kitu na kumpelekea de Valera habari, na Griffith alimwona kama jicho lililowekwa mgongoni mwake.

Jicho hilo ndilo la kutazamwa kwa karibu, kwa sababu tuna ushahidi wa aina nyingine juu yake. Mwaka 2007 mtafiti Gerben van Kleef na wenzake walichapisha majaribio mawili. Washiriki walifanywa wawakilishi wa kikundi, wakajadiliana kwa kompyuta na mpinzani wa kikundi kingine ambaye majibu yake yalikuwa yameandaliwa na watafiti wenyewe. Baadhi walikuwa na nafasi ya katikati katika kikundi chao, wanafanana na kikundi hasa. Wengine walikuwa pembezoni. Wa pembezoni waliandika ujumbe mkali zaidi na wa kirafiki mchache zaidi, lakini pale tu walipojua watatoa hesabu kwa kikundi. Jaribio la pili likaongeza jambo: walidai makubwa zaidi pia, lakini pale tu ambapo kuwa mwanakikundi kulikuwa kitu cha kutamanika.

Ukiyaondoa macho ya waliomtuma, ukali wa mtu wa pembezoni unapungua. Ukikifanya kikundi kisiwe na thamani, unapungua. Kwa hiyo si kwamba watu wa pembezoni wana roho ngumu. Wanazungumza na watu wawili kwa pamoja, na aliyekaa mbele yao si yule wanayemjali zaidi.

Barton na Gavan Duffy walikuwa na masharti yote mawili. Walitazamwa, kupitia kalamu ya Childers, kila siku. Na kundi walilotamani kuhesabiwa ndani yake lilikuwa kitu walichokuwa wameacha jeshi, kazi, jamaa na uhuru wao kukipata. Mtu wa namna hiyo unamwambia vipi alegeze kidogo kwenye neno la kiapo kwa mfalme?

Collins naye alitazamwa, lakini na wengine. Nyuma yake lilikuwapo baraza la chama cha siri, na hao ndio aliowaonyesha rasimu kabla ya wakati kwisha, ili ajue wangeimeza au la. De Valera na Cathal Brugha, waziri wa ulinzi, walikuwa wamekiacha chama hicho baada ya 1916. Collins hakuwa mtu asiyejali waliomtuma, kama wapinzani wake walivyosema baadaye. Alikuwa na waliomtuma wawili, na aliwasikiliza wale ambao heshima yake kwao ilikuwa kubwa zaidi.

Karatasi ya Griffith

Upande wa pili wa meza nao ulikuwa na nyumba yake ya kuangalia. Lloyd George alikuwa Mliberali aliyekalia kiti kwa kura za Wahafidhina. Tarehe 17 Novemba mkutano wa Wahafidhina ulikuwa ukutane Liverpool, na wenye msimamo mkali miongoni mwao hawakutaka hata kusikia Sinn Féin ikitajwa. Mwanasayansi wa siasa Robert Putnam alieleza mwaka 1988 kwamba kila mjumbe wa mataifa hucheza kwenye meza mbili, ya nje na ya nyumbani, na kwamba ufinyu wa meza ya nyumbani unaweza kuwa silaha kwenye meza ya nje. Lloyd George hakungoja nadharia. Alimweleza Griffith jinsi Wahafidhina walivyomzingira, akamwomba amsaidie.

Griffith akamsaidia. Kwanza barua ya tarehe 2 Novemba. Kisha, tarehe 12 na 13, akakubali pendekezo la tume ya mipaka, ambayo ingechora upya mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini iwapo viongozi wa huko wangekataa kuingia chini ya bunge la Dublin. Aliahidi kutolikana pendekezo hilo wakati Lloyd George akipambana na watu wake. Liliandikwa kwenye karatasi, Griffith akaonyeshwa, akakubali. Wenzake hawakuambiwa juu ya karatasi hiyo.

Hapa ndipo ninapomwona Griffith kwa namna ambayo vitabu vya lawama havimwoni. Wajumbe wakikaa pamoja wiki nyingi huanza kuwa kundi la tatu. Anayejua shida zako kuliko yeyote ni yule unayepingana naye, kwa kuwa naye ana watu nyumbani wanaomvuta. Griffith, mtu wa neno lake, alimpa mpinzani ahadi aliyoiona ni ya heshima kati ya watu wawili waliobanwa. Kwa mjumbe aliyekuwa na wasiwasi na nafasi yake, hilo lisingewezekana; angeogopa hata kuonekana amesimama na Lloyd George dirishani. Uhakika wa Griffith ndio uliomfungulia mlango, na mlango huohuo ndio uliotumika kumfungia.

Kikao cha tarehe 3 Desemba

Wajumbe walirudi Dublin na rasimu ya mwisho. Baraza likakutana Mansion House. Barton na Gavan Duffy walisema Uingereza haijafika mwisho wa inachoweza kutoa. Griffith na Duggan walisema imefika. Brugha akauliza ni nani aliyepanga vile vikao vidogo vya watu wawili, na alipojibiwa akasema serikali ya Uingereza ilijichagulia watu wake. Griffith alichukia sana, akataka maneno hayo yaondolewe.

Sentensi moja, na imefanya kazi ya risasi. Brugha alimwambia mwasisi wa Sinn Féin na mkuu wa upelelezi kwamba wao sasa ni watu wa upande wa pili. Waliokuwa katikati ya duara walisukumwa ukingoni mbele ya wenzao. Ungetarajia nini? Kwa hesabu ya majaribio niliyoyataja, mtu akitiliwa shaka hukaza ili ajisafishe. Griffith hakukaza. Tofauti, nadhani, ni kwamba Griffith na Collins hawakuwahi kuhitaji Brugha awahesabu. Matusi hayakuwafanya watake kurudi ndani. Yaliwafanya waone kwamba kile chumba si nyumba yao tena. Collins aliondoka pale akiwa amechoka na watu, siyo na hoja.

Griffith aliahidi kutotia saini bali kulirudisha suala Dublin. Barton alimwomba de Valera aende London sasa, hakwenda. Kumbukumbu za kikao ni chache, na hata kuhusu marekebisho gani wapeleke walitoka na maelewano tofauti. Wakapanda meli zao mbili.

London, tarehe 4, Barton, Gavan Duffy na Childers waliandika marekebisho yenye wazo la de Valera: Ayalandi ishirikiane na Dola bila kuwa ndani yake. Collins akakataa kwenda kuyapeleka. Griffith, ambaye hakuyaamini, alikwenda mwishowe na kuyatetea kwa nguvu kuliko walioyaandika. Kisha Gavan Duffy akasema kwamba ugumu wao ni kuingia ndani ya Dola. Austen Chamberlain, kiongozi wa Wahafidhina, akaruka kutoka kitini, na mazungumzo yakavunjika. Alisema la moyoni, na lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa pia neno la mtu anayesemea masikio ya Dublin, kwenye meza ambayo kila mwenzake alijua lisisemwe hivyo, kwa kuwa mpango wao ulikuwa kama ni kuvunjika, wavunjike juu ya Ulster, yaani suala la Ayalandi ya Kaskazini, siyo juu ya mfalme.

Usiku wa mwisho

Tarehe 5 Desemba alasiri Griffith, Collins na Barton waliitwa tena. Lloyd George akaitoa ile karatasi ya Novemba na kumuuliza Griffith kama anavunja ahadi. Barton hakuwa na habari nayo. Griffith akasema hatavunja neno lake. Yeye binafsi atatia saini.

Haikutosha. Lloyd George alitaka kila mjumbe asaini, na akaonyesha barua mbili alizoandaa kwa James Craig, waziri mkuu wa Ayalandi ya Kaskazini, moja ya amani, nyingine ya kuvunjika. Moja ingeondoka usiku ule kwa treni maalumu na manowari. Asiyesaini abebe peke yake dhamana ya vita ambavyo vingeanza ndani ya siku tatu.

Barton ndiye aliyelengwa, na alilengwa kwa ustadi wa kutisha. Mpaka saa hiyo hadhira ya Barton ilikuwa baraza la Dublin, na mbele ya hadhira hiyo kukataa kulikuwa heshima. Lloyd George akambadilishia hadhira. Sasa aliwekwa mbele ya kila nyumba ya Ayalandi ambayo ingechomwa, kila kijana ambaye angeuawa, na kule kukataa kukageuka kuwa kujisafisha kwa damu ya wengine. Kwa mtu aliyezaliwa katika jumba kubwa, akavaa sare za jeshi la Uingereza, hakuna shtaka baya kuliko hilo: kwamba Mwayalandi wa kuja ndiye aliyewaletea Waayalandi wa asili vita.

Huko Hans Place walibishana kwa saa nyingi. Barton alimwita Childers nje ya chumba kumtaka shauri. Childers akamwambia ni suala la msimamo. Barton akarudi ndani, akakubali kutia saini. Gavan Duffy hakuweza kubaki peke yake. Saa nane na dakika ishirini usiku, kuamkia tarehe 6, mkataba ukatiwa saini Downing Street.

Simu ilikuwapo. Hakuna aliyepiga Dublin. Watu huliuliza hilo kama fumbo, na mimi sioni fumbo. Kwa Griffith na Collins, Dublin ilikuwa Brugha na maneno yake ya siku mbili nyuma. Kwa Barton na Gavan Duffy, kupiga simu kungekuwa kumwomba de Valera awabebee mzigo ambao Lloyd George ameshawaambia ni wao peke yao. Anayemtuma mjumbe hujidhania yuko upande wa pili wa waya. Mara nyingi ameshatoka kwenye waya zamani, kwa jambo alilosema au alilonyamazia.

Yanayopinga usomaji huu

Sitaki kuifanya hesabu iwe safi kuliko ilivyo. De Valera alizaliwa New York, na alikuwa katikati ya katikati. Brugha, mkali kuliko wote, alikuwa na majeraha ya 1916 mwilini. Nani angemwita mtu wa pembezoni? Kwa hiyo mahali pa kuzaliwa si kitu chenyewe. Kitu chenyewe ni kama kundi linakuhesabu, na kama wewe unaamini linakuhesabu. Wala wakali wa Dublin hawakuwa wajumbe. Aliyebaki nyumbani hajaonja bei ya kukaza, hivyo ukali wake hautuambii lolote kuhusu mjumbe.

Na imani ipo. Childers aliamini jamhuri kwa moyo wote, angeiamini hata angezaliwa Cork. Nafasi ya mtu katika kundi haitungi imani yake. Inaamua ni lini ataona anaweza kuitamka nusu, na ni lini lazima aitamke nzima.

Upande wa Uingereza unanipa uhakika zaidi kuliko wa Ayalandi. Aliyemwezesha Lloyd George kukubali mambo ambayo Wahafidhina waliyapinga miaka mingi alikuwa Lord Birkenhead, mjumbe wa Kihafidhina, yule F. E. Smith aliyesimama bega kwa bega na watu wa Ulster waliokataa kutawaliwa na Dublin kabla ya 1914. Kwa sababu hakuna Mhafidhina aliyeweza kumwita rafiki wa Sinn Féin, aliweza kuketi na Collins na kuelewana naye. Na chama chake hakikusamehe daima: tarehe 19 Oktoba 1922 wabunge wa Wahafidhina, wakikutana Carlton Club, waliuvunja muungano, Lloyd George akaanguka, na Chamberlain akapoteza uongozi wa chama. Mkataba ule haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwa kwenye orodha ya manung'uniko. Imani ya kundi kwa mtu wake ni akiba. Collins na Birkenhead walitoa kwenye akiba hiyo kuliko walivyodhani kilichomo.

Kama ningekuwa Dublin kwenye kikao kile cha Desemba, nisingeanza na neno la kiapo. Ningewaomba watu wa ndani wamwambie Barton na Gavan Duffy mbele ya wote kwamba wao ni Waayalandi vyovyote watakavyopiga kura. Ningemtaka Brugha afute alichosema, kwa sauti. Kisha ningewapeleka wote kwa meli moja, na de Valera ndani yake. Ujumbe ambao hakuna ndani yake anayelazimika kujithibitisha ungeweza kusema hapana kwa pamoja au ndiyo kwa pamoja, na Lloyd George asingepata ufa wa kupitisha barua zake mbili. Pengine wangetia saini maneno yaleyale. Wasingerudi nyumbani wakiwa makundi mawili.

Baraza liliupitisha mkataba kwa kura nne kwa tatu, na kura ya nne ilikuwa ya Barton. Tarehe 7 Januari 1922 Dáil ikaukubali kwa kura 64 kwa 57. Siku tatu baadaye Childers alisimama bungeni kuuliza swali. Griffith akapiga meza, akasema hatamjibu Mwingereza yeyote mlaaniwa katika bunge lile. Walikuwa wamekaa London miezi miwili upande mmoja wa meza.

Griffith alikufa tarehe 12 Agosti 1922. Collins aliuawa kwa risasi siku kumi baadaye huko Cork, kaunti aliyozaliwa. Childers alikamatwa Novemba na askari wa serikali mpya, katika nyumba ya kina Barton huko Wicklow, alikolelewa, akashtakiwa kwa kukutwa na bastola. Ilikuwa ndogo, na aliyempa ni Collins, zamani walipokuwa kundi moja. Alipigwa risasi tarehe 24.